Madirisha ya Juu Yalifungwa Mapema

Kosa lilifanyika usiku wa tatu wa kukausha, na moto hauna hatia. Bani la mafunzo la kukaushia tumbaku lilikuwa limefika nyuzi 48, majani yote njano, ncha zimeanza kujikunja, kisha joto likagoma kupanda. Kuni zilikuwa mbichi na tanuru lilijaa moshi. Kiongozi wa zamu akaamuru madirisha ya juu yafungwe. Mliokuwapo mnakumbuka: kipimajoto kikapanda upesi, watu wakapongezana, wengine wakaenda kulala. Hapo ndipo tumbaku ya bani zima ilipoharibiwa.

Jani la tumbaku ya mvuke huingia banini likiwa na maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Wakati wa kugeuza rangi, kati ya nyuzi 32 na 38, tunafunga madirisha kwa makusudi, kwa sababu jani linapaswa kubaki hai na unyevu wake hadi wanga ugeuke sukari. Rangi ikishatimia, kazi ni kuyatoa maji. Joto lililogoma kwenye 48 halikuwa limepotea. Lilikuwa linayageuza maji ya majani kuwa mvuke, na mvuke ulikuwa unatoka juu kama ilivyopaswa. Madirisha yalipofungwa, mvuke ukakosa pa kwenda, majani yakaacha kukauka, na joto ambalo sasa halikuwa na kazi likakipandisha kipimajoto. Walichokishangilia ni dalili ya ukaushaji kusimama! Jani lililojaa maji likiwekwa katika joto la namna hiyo huiva kama mboga sufuriani. Kahawia ilianzia fito za juu, mvuke ulikorundikana, ikashuka. Na kahawia ikishaingia haitoki.

Jibu lilikuwa linaning'inia ukutani. Bani lile lina vipimajoto viwili, kikavu na cha tambara, na cha tambara hakitakiwi kupita nyuzi 40 au 41 mpaka bapa la jani likauke. Nimelisema hili msimu baada ya msimu na sitaacha. Kikopo cha kulowesha tambara hakikuwa na maji, tambara limekauka, kwa hiyo vyote viwili vilisoma sawa na hakuna aliyeshtuka. Mtu anayekausha bila tambara lenye maji anajua joto tu, unyevu anaubahatisha.

Mengine yote yalikuwa sawa: uvunaji ulikuwa mzuri, fito zilipangwa kwa nafasi, na rangi ya siku mbili za kwanza ilikuwa safi.

Utetezi ninaousikia ni kwamba walikuwa wanabana kuni. Kubana madirisha kuna wakati wake. Bapa likishakauka na mshipa mkuu tu ndio umebaki, unafunga kidogo kidogo ukielekea nyuzi 70, na hapo kweli kuni zinaokolewa. Usiku wa tatu haziokolewi. Maji yaliyofungiwa yalilazimika kutoka baadaye, kwa kuni zilezile, yakitoka kwenye jani lililokwisha kuharibika. Mkopo wa pembejeo kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika, haupungui kwa sababu mteuzi ameishusha tumbaku daraja.

Na kwa nini kuni zilikuwa mbichi? Tunakausha katikati ya mvua, Januari hadi Aprili. Kuni za bani hukatwa kiangazi, zikapasuliwa, zikawekwa chini ya paa. Sisi tunaingia porini Februari na mapanga, tunarudi na magogo yanayotoa utomvu, moto unatumia nguvu yake ya kwanza kuyakausha yenyewe. Mwaka huu nimeona mninga kwenye rundo. Mninga! Mti wa vitanda na milango unatiwa tanuruni, na hautoi hata joto la maana kwa kuwa ni mbichi.

Wazee wa Urambo, walioshika tumbaku baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kufa mwaka 1951, walikuwa na mabani mabovu kuliko haya. Matanuru yao yalikula kuni nyingi mno, hilo nakubali. Lakini kuta zao zilikuwa nene na zimekandikwa vizuri, kwa ujuzi wa watu waliokulia kwenye matembe, ilhali bani letu la kisasa lina nyufa unazoweza kupitisha kidole. Na hawakugusa dirisha la juu kabla ya kuchomoa ufito wa katikati na kulibana jani kiganjani. Likikunjika kama kitambaa, dirisha libaki wazi. Moto ukidhoofika, waliushughulikia moto: walichagua gogo kavu, wakazoa majivu, wakakesha mbele ya tanuru.

Jumatatu bani linajazwa tena, majani ya katikati. Kikopo kijazwe kabla mlango haujafungwa, kikaguliwe kila zamu inapobadilishana, na usiku wa tatu apewe mtu anayeweza kukaa na kipimajoto kilichosimama kwenye 48 bila mkono wake kwenda kwenye dirisha.