Mtetemo Unaoufuata Mguu wa Dereva

Miongoni mwa illa zinazowapotezea wenye magari fedha nyingi, sijui kama iko inayoishinda ile ya gari linalotetemeka dereva akanyagapo mafuta kwa nguvu, kisha likatulia mara tu ainuapo mguu. Maana dalili hiyo moja yaweza kuwa na asili nyingi, na fundi asiye na subira huanza kubadilisha vyuma kabla hajauliza swali. Gari ninalokusudia kulieleza ni Probox la gia za mkono, lipandishalo mbolea na bidhaa za duka kutoka Nakuru hadi pande za Molo na Kuresoi, na kuteremka na viazi. Lilipofikishwa katika karakana moja mjini lilikuwa limekwisha kutiwa plagi mpya na mauntini mpya za injini, na magurudumu yake kufanyiwa balansi, na mtetemo ukabaki vile vile.

Waliotangulia walikuwa hodari wa mikono, ila walilijaribu tupu katika njia za mjini zilizo tambarare, mithili ya tabibu amchunguzaye mgonjwa homa ikiisha kumtoka. Fundi wa karakana hiyo alishurutisha mbolea ipakiwe kwanza, ndipo akaliendesha kuelekea Salgaa, kwenye njia kuu iondokayo Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupita mita 2,400 kabla ya Mau Summit. Katika kimo hicho hewa ni haba, na injini isiyo na tabo hupungukiwa karibu robo ya nguvu zake, hata dereva wa huko hushindilia mafuta kwa muda ambao mwenziwe wa Mombasa haujui ila kwa nadra.

Alishika kilomita 70 kwa saa katika gia ya nne, akakanyaga. Mwili mzima wa gari ukayumba upande kwa upande. Akarudi gia ya tatu, mwendo ule ule, akakanyaga tena. Lau illa ingalikuwa ya injini, ya plagi au koili, mapigo yangaliongezeka kasi, kwa kuwa injini sasa yazunguka upesi zaidi, lakini hayakubadilika. Akaachia mafuta, na kabla mwendo haujapungua mtetemo ukakoma. Wala gurudumu lililokosa balansi haliulizi mguu wa dereva uko wapi. Kilichobaki kushukiwa, basi, ni kitu kinachozunguka pamoja na magurudumu na kisichougua ila kikibebeshwa nguvu ya injini, nacho ni shafti za mbele.

Kila shafti ina viungo viwili. Cha nje, karibu na gurudumu, kikichakaa hugonga gari likikata kona, na sauti hiyo kila dereva wa matatu aijua. Cha ndani, upande wa giaboksi, ni mnafiki zaidi: kina roli tatu zitelezazo katika mifereji mitatu ya kikombe cha chuma, na mifereji hiyo ikiliwa, roli hukwama na kuachia mara tatu kwa kila mzunguko, zikiisukumasukuma shafti ubavuni. Gurudumu la gari hilo, lenye mzingo wa karibu mita 1.9, huzunguka mara 10 hivi kwa sekunde katika mwendo ule, basi mtikiso huwa mara 30. Nayo misukumo huzidi kadiri shafti inavyoinama, na hapo ndipo siri ya mbolea ilipofichuka, kwani mzigo wa nyuma huinua pua ya gari, na fauka ya hayo mwenyewe alikuwa ametia spesa juu ya springi za mbele, lisikwaruze tumbo katika njia za murramu.

Buti la mpira la kiungo cha ndani lilikutwa zima, ndiyo sababu hakuna aliyekidhania kiungo hicho. Lakini ukucha uliopitishwa mferejini ulinasa katika bonde lililochimbwa na roli. Kilitiwa kipya na grisi yake, na spesa zikaondolewa, ingawa mwenyewe alinung'unika. Na kwa maoni yangu kuziondoa kulikuwa na faida kubwa kuliko hicho kiungo, ambacho nacho kingaliliwa vivyo hivyo. Malipo hayakupokewa mpaka gari lilipopakiwa uzito ule ule na kupandishwa tena kwa kilomita 70, gia ya nne kisha ya tatu.