Kadi ya manila, dripu na maswali ya Marekani

Lita moja ya dripu inatakiwa iishe kwa saa 8, na seti inatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Mtahiniwa mwenye kalamu mkononi anazidisha 1,000 kwa 20, anagawanya kwa dakika 480, anapata 41.67, anaandika 42. Mwenzake aliyepitia kanuni hiyo kwa macho tu, hata iwe mara nyingi kiasi gani, husahau kugeuza saa kuwa dakika. Wote wawili walikuwa na daftari lile lile.

Nchini Tanzania cheti cha chuo peke yake hakimfanyi mtu muuguzi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka usajili na leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga, na njiani kuna mtihani wa Baraza lenyewe. Kwa hiyo kila msimu wahitimu hupiga msuli upya, na swali la kwanza huwa: tusomee nini?

Jibu linategemea pia ulipo, na Kibaha ina faida yake. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic na kukabidhiwa serikalini mwaka 1970, lilikusanya shule, mafunzo ya afya na hospitali ya Tumbi eneo moja. Vitabu, wadi na wenzako wa diskasheni viko umbali wa kutembea kwa miguu. Mhitimu aliyerudi kwao Kisarawe, tuseme Mzenga au Maneromango, yuko mbali na hayo yote. Kwake zana nzuri ni ile inayofanya kazi bando likiisha.

Wengi huanza na madesa: kopi za kopi, au faili zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni rahisi kupata, lakini mengi hayana mwaka wala mwandishi, na hapo ndipo hatari ilipo. Desa la zamani litakuambia malaria kali inatibiwa kwa kwinini. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza sindano ya artesunate kwa watoto na watu wazima: mgonjwa anapofika, saa 12 baadaye, na saa ya 24. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, wengine 2.4. Leba nayo ni hivyo hivyo. Patografu ya zamani, yaani chati ya kufuatilia leba, ilianza kujazwa mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4, ilhali mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unaanzia sentimita 5. Desa lisilo na tarehe lisiaminiwe kwa dozi yoyote. Lipimwe kwanza kwa Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, toleo la 2021, na kwa mtaala wa chuo.

Kisha kuna programu za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya NCLEX, mtihani wa leseni wa Marekani. Sifa yake ni kwamba zinaeleza kwa nini jibu fulani si sahihi, na zinazoeza akili kuamua mgonjwa yupi aonwe kwanza. Ila mara nyingi joto limeandikwa kwa Fahrenheit, na sukari kwa miligramu kwa desilita. Sukari 60 ya huko ni 3.3 kwa vipimo vya milimoli tulivyozoea. Zaidi ya hapo, maswali mengi yanahusu kazi ipi akabidhiwe msaidizi wa kada fulani, na kada zenyewe ni za kwao. Anayekariri majibu hayo anajiandaa kufanya kazi Texas.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko jina la kitabu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi. Waliorudia kuisoma walijiamini zaidi, na dakika chache baadaye walikumbuka vizuri zaidi. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliosoma mara moja kisha wakajijaribu mara tatu walikumbuka asilimia 61, na waliosoma mara nne asilimia 40. Kupaka wino wa njano kila mstari ni kazi ya mkono tu.

Ndiyo maana kadi hushinda. AnkiDroid ni ya bure na haihitaji mtandao kukuuliza maswali, lakini manila iliyokatwa vipande inatosha. Upande mmoja andika: "Kabla ya kurudia magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, angalia nini?" Nyuma: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti bado linaruka likigongwa, mkojo si chini ya mililita 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Kadi ya pili iulize dawa ya kuokoa pumzi zikizidi kushuka: kalsiamu glukonati, gramu 1. Ukikosa, kadi inarudi kesho. Ukipata, isubiri siku kadhaa.

Baada ya kadi zije pastpepa, zikifanywa kwa saa na bila kuchungulia majibu. Aliye karibu na Tumbi, au na hospitali ya wilaya ya Kisarawe, akiruhusiwa kuingia wadini, ajaze patografu halisi chini ya usimamizi. Hakuna programu ya simu inayofundisha hilo vizuri zaidi.

Kama fedha ni kidogo, mpangilio uwe huu: mwongozo wa 2021, manila, pastpepa, na mwenzako mmoja wa kukuuliza maswali. Programu ya NCLEX ya kulipia inunuliwe mwisho, na itumike kwa maswali ya nani aonwe kwanza tu. Dozi usizichukue humo.