Daftari la Asiyeona

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imefundishwa shuleni miaka nenda miaka rudi, lakini haisemi ni nani alishikaye daftari hilo. Kwa mtu asiyeona, hilo ndilo swali lenyewe, maana kwa muda mrefu hesabu zake zimesomwa na macho ya mwingine: mtoto, jirani, au karani wa benki. Kwa hiyo programu yoyote ya kompyuta inayodai kumsaidia katika fedha za nyumbani yafaa ipimwe kwa swali hilo, wala si kwa wingi wa mambo inayoyafanya.

Tuanze na lililo jema. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika programu ya kusoma skrini kwa sauti, iitwayo NVDA. Baadaye akaungana naye James Teh, ambaye naye haoni. Wakati huo programu iliyotamba katika kazi hiyo, JAWS, iliuzwa kwa bei iliyoweza kuzidi ile ya kompyuta yenyewe. NVDA hutolewa bure, na sauti yake ya eSpeak hutamka hata Kiswahili, ijapokuwa kwa ukavu wa chuma.

Sasa tuitazame NVDA ikiwa kazini ndani ya Excel, ambayo wengi huitumia kama daftari la nyumbani. Majedwali ya namna hii, tangu VisiCalc ya mwaka 1979, yalibuniwa kwa ajili ya macho. Mwenye kuona hutupa jicho mara moja akajua kwamba 45,000 imo chini ya safu ya ada za shule. Asiyeona husomewa kisanduku kimoja kimoja, na akisikia "elfu arobaini na tano" hubaki akijiuliza: za nini? Waandishi wa NVDA waliliona tatizo hilo. Mtumiaji huonyesha mara moja tu mstari wenye vichwa vya safu, na tangu hapo kila ahamiapo safu nyingine husikia kwanza jina lake. Huo ni ustadi wa watu walioijua shida kwa kuishi nayo.

Lakini msomaji hodari hawezi kusoma kisichoandikwa. Miongoni mwa njia ambazo Excel inazitoa za kuonyesha kiasi kilicho chini ya sifuri, imo moja inayokiandika kwa rangi nyekundu bila alama ya kutoa. Kwa mwenye macho, wekundu huo ni deni. Programu ya sauti husoma tarakimu, na kwa kawaida haitaji rangi mpaka iamriwe. Basi upungufu wa shilingi 30,000 husikika kama salio la shilingi 30,000, na nyumba hupanga kununua mchele kwa fedha ambazo hazipo. Wala hili si jambo geni: mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao, WCAG, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1999 umeonya kwamba rangi isiachiwe peke yake kubeba maana.

Kwetu Afrika Mashariki, daftari la wengi si kompyuta bali ni simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Simu za Android zina msomaji aitwaye TalkBack, na iPhone ina VoiceOver tangu mwaka 2009. Hata hivyo, fundi wa programu akiweka picha ya mshale asiipe jina, asiyeona husikia "kitufe, kitufe, kitufe", na kimojawapo ndicho kitumacho pesa. Na mwenye simu ndogo isiyo na msomaji wa sauti mara nyingi humwomba mtu amsomee, na aghalabu humtajia namba yake ya siri. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi huu umezidiwa na kata.

Yupo atakayesema kwamba katika jamii zetu kusaidiana si aibu. Ni kweli, lakini msaada unaoombwa kwa hiari na msaada usioepukika ni vitu viwili mbalimbali. Mama anayemwekea binti yake akiba kimyakimya, au anayemtumia ndugu kidogo bila kumwaibisha, anahitaji faragha kama mtu mwingine yeyote. Na akiibiwa na yule yule anayemsomea salio, atajuaje?

Kwa sababu hiyo sioni kwamba programu inayozungumza imemaliza kazi yake kwa kuzungumza. Kabla ya kuiuza, watengenezaji wampe mtu asiyeona hesabu za mwezi mzima, zenye mapato, madeni na kosa moja lililofichwa, kisha wamwache peke yake chumbani. Akitoka na jumla iliyo sahihi, na kosa amelirekebisha bila kumwita mtu, programu imefaulu. Akilazimika kuita, irudishwe kwa fundi, hata kama sauti yake ni tamu kiasi gani.