Ushuhuda na Gharama Yake: Shahidi Mkristo katika Fasihi Simulizi ya Laini Saba

Makala hii inakusudia kuujadili ushuhuda wa Kikristo kama utanzu wa fasihi simulizi, kwa kuangalia jinsi unavyotendwa katika makanisa ya Laini Saba, Kibera, jijini Nairobi. Swali letu ni la kihakiki, si la kiteolojia. Ni kitu gani kinachoufanya ushuhuda mmoja uaminike, na mwingine usikike kama tangazo la biashara, hali zote mbili zina mianzo ileile, mafumbato yaleyale na viitikio vilevile? Tunapendekeza kwamba ushuhuda hupimwa kwa kile anachokipoteza fanani kwa kuutoa, na kwamba kipimo hicho kimo tayari ndani ya neno lenyewe.

Tuanze basi na neno. Kiswahili humwita shahidi mtu anayesimama mahakamani kueleza alichokiona, na humwita shahidi vilevile mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Si ajali ya lugha moja. Kiarabu, ambacho ndicho chimbuko la neno hili, kina uhusiano huohuo. Kigiriki cha Agano Jipya kilikuwa na neno martus, lililomaanisha mtoa habari za alichokishuhudia kabla ya kumaanisha aliyekufa kwa sababu ya habari hizo. Waganda nao huwaita mashahidi waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 abajulizi, na omujulizi ni shahidi wa kawaida wa barazani. Lugha hizi zote zinadokeza kwamba kusema na kulipia usemi ni hatua mbili za safari moja. Kiswahili kimekwenda mbele kidogo kwa kutofautisha ushahidi, ambao ni thibitisho linalohusu mambo ya nje, na ushuhuda, ambao ni masimulizi ya mtu kuhusu yaliyotendeka ndani ya maisha yake. Tofauti hii tutairudia, kwa kuwa mwaka 2008 ilipata uzito ambao wanasarufi hawakuutazamia.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Wakristo wa Afrika Mashariki waliyarithi maneno haya, hawakuyabuni. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, na Steere alipofanya kazi yake Unguja miaka ya baadaye, waliikuta lugha ambayo tayari ilikuwa na sadaka, dhabihu, kafara, toba na shahidi, na tenzi zilizowasifu mashahidi wa Uislamu. Laini Saba yenyewe imesimama juu ya urithi wa namna hiyo. Kibera ilikuwa makazi ya askari Wanubi wa jeshi la KAR na jamaa zao, watu Waislamu, na wenyeji husimulia kwamba jina Laini Saba limetokana na safu za shabaha ambapo askari hao walijifunza kulenga. Mkristo anayesimama leo katika kanisa la mabati la Laini Saba na kutangaza kuwa yeye ni shahidi anatumia neno la majirani zake wa Makina. Wahakiki waliozoea kuitenga fasihi ya Kiswahili ya Kikristo na ile ya Kiislamu kama vyumba viwili visivyo na mlango kati yake wangefaa kulizingatia jambo hili.

Katika uainishaji wa tanzu, ushuhuda hauna makao. Mulokozi (1989), katika makala ambayo bado ni msingi wa mafunzo yetu, aligawa fasihi simulizi katika mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Ushuhuda una kitu kutoka karibu kila kikapu: husimulia, huhutubia, huigiza, huimbishwa. Lakini ukiuweka katika kimoja, kitu fulani humwagika. Nadhani sababu ya kutoshughulikiwa kwake ni nyingine kabisa, nayo ni aibu ya wasomi. Tunaona fahari kurekodi matambiko ya wazee wa vijijini, ilhali mama anayeuza mboga aliyeokoka Jumapili iliyopita tunamwona kuwa ni kelele.

Muundo wake unajulikana. Fanani husimama au huitwa, husalimu kwa "Bwana asifiwe", huitikiwa, husalimu tena ikiwa itikio lilikuwa dhaifu, kisha hutaja jina lake na kutangaza kwamba ameokoka. Hufuata giza la zamani, tukio la badiliko, hali ya sasa, na ombi la maombi. Hadhira huingilia kwa "Amina" katika vituo vinavyotabirika. Umbo hili halikuzaliwa Nairobi. Lilienezwa na Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Kenya kupitia mkutano wa Kabete mwaka 1937, ukiwa na wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, ulioimbwa kila ndugu mmoja alipomaliza kuungama. Tunasisitiza kitenzi hicho, kuungama. Ushuhuda wa Uamsho ulikuwa tendo la kujifedhehesha hadharani. Mtu alitaja deni alilolikana, mke aliyempiga, fedha za mwajiri alizozificha, kisha alitarajiwa kwenda kulipa. Hadhira ilikuwa na haki ya kumuuliza kama amelipa.

Kwamba umbo hili lilikuwa na meno kulidhihirika wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, kuanzia 1952. Wagikuyu wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau kwa hoja kwamba walikwisha kunywa damu moja na haiwezekani kunywa nyingine. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa. Historia ya uhuru haijajua mahali pa kuwaweka watu hawa, na mwandishi wa makala hii hadai kwamba uamuzi wao wa kisiasa ulikuwa sahihi. Ardhi ilikuwa imeporwa, na aliyekataa kuipigania alikuwa na maswali ya kujibu. Tunachokisema ni kwamba maneno waliyoyatamka Jumapili yaliwagharimu Jumatatu. Mfano ulio wazi zaidi ni Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho huko Acholi mwaka 1948 na kuja kuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na dhuluma za askari. Tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Ndani ya mtu mmoja mtoa ushuhuda wa 1948 alikuwa shahidi wa 1977, na maana mbili za neno zikakutana.

Sasa tuiangalie hali iliyofuata. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, kwa kukua kwa makanisa ya injili ya mafanikio, sehemu ya kuungama ilianza kusinyaa na sehemu ya kupokea ikanenepa. Badala ya deni lililolipwa, tunasikia kazi iliyopatikana, viza iliyotoka, kiwanja kilichonunuliwa. Msamiati wa kujitoa nao umegeuzwa: sadaka imekuwa mbegu, nayo mbegu hupandwa ili ivunwe. Mwaka 2014 kituo kimoja cha televisheni cha Kenya kilionyesha habari za mhubiri wa Nairobi aliyewataka wafuasi watume shilingi 310 kama mbegu, na ilidaiwa kwamba baadhi ya shuhuda zilizotolewa mbele yake zilikuwa zimepangwa. Taifa lilicheka sana. Lakini kwa mhakiki, kasoro haikuwa uongo tu, kwani ngano nazo si za kweli na hatuzilaumu. Kasoro ilikuwa kwamba malipo yalikuwa yamegeuza mwelekeo: fanani alilipwa ili aseme. Jambo hilo halikuigusa fani hata kidogo. Mianzo ilikuwepo, giza na nuru vilikuwepo, "Amina" zilikuwepo. Uchambuzi wa kimuundo peke yake usingeweza kuugundua ulaghai huo.

Fasihi andishi yetu imemtazama Mkristo huyu kwa jicho kali, na kwa haki. Katika Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na inayosomwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda, tajiri Kioi na mkewe Jezebel wanamjia kibarua Kiguunda wakimhimiza afunge ndoa ya kanisani na kuacha kuishi dhambini. Kiguunda anaiweka rehani hatimiliki ya ekari yake moja na nusu ili aigharimie harusi hiyo. Mwishowe ardhi inapigwa mnada na kuishia mikononi mwa Kioi. Kinaya hiki hakijapitwa na wakati: aliyeokoka anashuhudia, na maskini ndiye anayelipa. Kwa upande mwingine tunaye Mwelusi wa Kifo Kisimani (Kithaka wa Mberia, 2001), anayefungwa, kuteswa na hatimaye kuuawa na nduguye Gege aliyeahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Tamthilia hiyo si ya kidini, lakini msomaji aliyelelewa kanisani hutambua kivuli cha Yuda.

Basi tuna mnafiki, na tuna shujaa anayekufa. Kati ya Kioi na Mwelusi hakuna mtu. Muumini wa kawaida, asiyemdhulumu mtu kwa Biblia na asiyeuawa na mtawala yeyote, ambaye ushahidi wake unamgharimu kitu kidogo kama heshima ya jirani au riziki ya wiki, hajapata mwandishi katika Kiswahili cha Kenya. Huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa huyo ndiye aliye mwingi. Anapatikana katika fasihi simulizi, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 nchini Kenya. Kibera reli iling'olewa, soko la Toi likachomwa, na majirani wa miaka mingi wakafukuzana. Wengi walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Januari hiyohiyo ya 2008 vijana wa Kenya walianzisha mfumo wa kompyuta wa kukusanya na kuchora kwenye ramani taarifa za ghasia, wakauita Ushahidi. Miaka iliyofuata, neno shahidi katika magazeti yetu lilimaanisha watu waliotarajiwa kwenda The Hague, na ambao, mmoja baada ya mwingine, hawakwenda au walibadili maneno yao. Ushahidi ulikwama. Ushuhuda je?

Mwaka 2009, wakati mwandishi wa makala hii alipokuwa mwanafunzi wa uzamili akirekodi nyimbo za makanisa ya Laini Saba, alihudhuria ibada moja ambapo mama wa makamo aliinuka katika kipindi cha ushuhuda. Alianza kama wote wanavyoanza. Alisalimu mara mbili. Alimshukuru Mungu kwa afya na kwa biashara yake ya githeri. Kisha, pale ambapo kanuni inadai lile giza la zamani, alisema kwamba sufuria anayopikia si yake. Ni ya jirani aliyekimbia Januari ya mwaka uliotangulia. Mlango ulikuwa umevunjwa na watu walikuwa wakibeba, naye akabeba. Alikuwa amekuja nayo, imefungwa kwa leso, iko chini ya benchi.

Hakuna aliyesema "Amina". Kinasa sauti changu kina sekunde kumi na moja za mabati yanayolia kwa joto na mtoto anayekohoa. Kisha mchungaji akaanzisha pambio.

Katika unukuzi wangu wa kwanza niliuruka ukimya huo na kuandika tu kwamba wimbo ulifuata. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba huo ndio uliokuwa kilele cha matini. Hadhira ilinyamaza kwa sababu ilikuwa imeshirikishwa kuliko ilivyotaka: nyumba ngapi humo zilikuwa na godoro, redio au mlango wa mtu mwingine? Fanani alikuwa amelirudisha umbo katika hali yake ya Kabete, na waliozoea umbo la mbegu hawakuwa na kiitikio kwa ajili yake. Kifani, ushuhuda ule ulikuwa na mapungufu. Ulikuwa mfupi, haukuwa na kilele cha furaha, na msimulizi alirudia neno "kubeba" hadi likachosha. Hata hivyo, kurudiarudia huko ndiko kulikompa kila msikilizaji nafasi ya kujiona mlangoni pale. Halafu ilikuwepo sufuria yenyewe, kitu ambacho hakuna mwigizaji wa shilingi 310 ambaye angekubali kuja nacho, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikimlisha.

Itasemwa kwamba tunatukuza maungamo ya maskini huku wachochezi wakubwa wakiwa huru. Pingamizi hili ni zito, nami sina jibu linaloniridhisha. Pia itasemwa kwamba kipimo cha gharama kinaweza kughushiwa, kwani wapo wanaotangaza dhambi kwa majivuno. Hilo ni kweli, na Uamsho wenyewe ulilalamikiwa hivyo. Ndiyo maana tunasema gharama, hatusemi fedheha: maneno yalitoka pamoja na chombo cha kazi.

Wiki zilizofuata wateja wa githeri walipungua, baadhi wakisema hawali chakula cha chungu cha wizi, wengine wakichukia kwamba alisema. Baadaye alihamia Kawangware. Sufuria ilibaki katika chumba cha nyuma cha kanisa, ikipikiwa chai siku za mikutano, kwa kuwa mwenyewe hakuna aliyejua alikokwenda baada ya Jamhuri.