Anayeambiwa na Mondo: Kuipima Pieces of Africa kutoka Ufuo wa Ziwa Mweru

Mwaka 1992 Kronos Quartet ya San Francisco ilitoa albamu ya Pieces of Africa. Miongoni mwa watunzi wake ni Justinian Tamusuza wa Uganda, Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hamza El Din wa Nubia na Kevin Volans wa Afrika Kusini. Ni rahisi kuisifu kwa kudai kwamba fidla mbili, viola na selo zimefundishwa kusema Kiafrika. Ufuo wa Ziwa Mweru unafaa kuipima sifa hiyo, kwa kuwa huko ipo ala inayosema kweli, si kwa istiara.

Kusini mwa Nchelenge, katika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda, mondo (gogo lililochongwa mwanya) hupigwa kwa kufuata toni za maneno. Majigambo ya kifalme ni ya Kiluba, ilhali lugha ya kila siku ya wasikilizaji wengi ni Kibemba. Hata hivyo, anayeitwa anajulikana. Pigo la mondo lina mtu linayemwambia. Akiondolewa huyo, hubaki urefu wa sauti na kimo chake, na hayo ndiyo hasa nota za kwateti huweza kuyabeba.

White Man Sleeps ya Volans ilitungwa mwaka 1982 kwa hapsikodi mbili, viola da gamba na ala za kugonga, hapsikodi zikiwa zimelinganishwa kwa mizani ya sauti za Kiafrika. Toleo la kwateti la 1986 liliiacha mizani hiyo. Mjadala umeelekea mno kwenye midundo iliyoazimwa (ukiwamo muziki wa filimbi za nyanga za Wanyungwe wa Msumbiji), ilhali kilichopotea njiani ni sauti yenyewe. Ni kazi nzuri. Uzuri wake, hata hivyo, ni wa Volans kuliko wa Wanyungwe.

Tamusuza yuko karibu zaidi. Katika Ekitundu Ekisooka vipande vifupi hurudiwa na kupishana kama mikono ya wapiga amadinda, na mtunzi anafanya kazi ndani ya usikivu aliolelewa nao.

Kwa washauri wa sera, jambo hili si la ukumbini tu. Zambia ina Sheria Na. 16 ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi. Mtunzi akifika Luapula kesho, atakuwa amechukua nini: mdundo, au jina la mtu? Mwesa Mapoma alikwisha kuonyesha njia kwa tasnifu yake ya 1980 kuhusu ingomba, wanamuziki wa kifalme wa Wabemba, aliyoijenga juu ya swali la nini huamua mtindo. Rekodi inayohifadhiwa bila maneno ya Kiluba, bila jina la mpigaji na bila tukio ilimopigwa imekwisha kumwondoa anayeambiwa, kabla kwateti yoyote haijaigusa. Fomu ya kukusanyia muziki Nchelenge inapaswa kuanza na safu ya maneno, kisha ya nota.