Ile 18 inabaki kwenye boksi

Wandugu, Uingereza tangu 2012 alama za PEGI ni sheria: kumuuzia mtoto mchezo wa 18 ni kosa. Tukopie vile? Mimi mutu wa kilimo naona shida: dawa ya wadudu ikimiminwa kwenye chupa ya maji, onyo linabaki kwenye kopo la kwanza. Diski ya GTA San Andreas ikikopiwa, ile 18 inapotea vilevile. Sheria imbane mwenye chumba cha PlayStation, aulize umri mlangoni.

«Ni mchezo tu,» mutasema. Lakini Lubanga alihukumiwa La Haye 2012 sababu ya watoto wa Ituri, chini ya miaka 15, walioingizwa vitani. Hapa Bogoro, palipochinjwa watu 24 Februari 2003, kuuliza «uko na miaka ngapi?» si mambo ya wazungu.