Saida Karoli na Zamu ya Kiha

Albamu ya kwanza ya Saida Karoli, iliyotoka mwaka 2001 na kujulikana na wengi kwa jina la Chambua Kama Karanga, ilikifikisha Kihaya kwa watu wasiojua Kihaya. Arusini na ndani ya mabasi, wimbo wa Maria Salome uliitikiwa na watu ambao hawakuelewa ila maneno machache. Hapana shaka sauti nyororo ya mwimbaji na mdundo wa ngoma vilifanya kazi kubwa. Lakini ubora wa albamu ile umo katika jambo jengine: Kihaya ndicho mwenye nyumba, na Kiswahili ni mgeni aliyekaribishwa barazani. Umma ulimshika mgeni wake, ukaupa wimbo jina kwa maneno yake, lakini mwenye nyumba hakuondoka kitini.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kufunzwa thamani ya jambo hilo. Taarabu ya kasri la Masultani wa Unguja ilikuwa ya Kiarabu, na wengi waliosikia sauti zake hawakuyajua maneno. Siti binti Saad aliiimba kwa Kiswahili, na alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodiwa santuri, lugha ya watu wa Ng'ambo ilikwenda naye. Tangu hapo mwanamke wa Unguja aliyesikiliza santuri aliweza kucheka palipo kichekesho na kulia palipo msiba, bila ya kungoja kufasiriwa. Saida aliwapa Wahaya raha hiyo hiyo.

Kusini mwa Kagera ndiko Kigoma, na katika nyanda za juu za mkoa huo, Kasulu na Kibondo, ndiko kwa Waha. Hapo ndipo albamu ya Saida inapoacha kuwa hadithi ya Bukoba peke yake na kuwa swali. Muziki wa kizazi kipya umelikuza mno jina la Kigoma. Ali Kiba, ambaye ukoo wake una asili ya huko, alitoa albamu yake ya kwanza, Cinderella, mwaka 2007. Diamond Platnumz, ambaye kwa upande wa mama ni wa huko huko, alitoa Kamwambie mwaka 2010. Zote mbili ni albamu za Kiswahili, na si haki kuzilaumu kwa hilo. Ujiji, ufukweni mwa Tanganyika, ni mji wa Waswahili tangu zama za misafara, na waimbaji wenyewe wamekulia mjini. Lakini ufukwe si mlima. Anayepanda kutoka ziwani kwenda Kasulu, na kutoka hapo kwenda Kibondo, anaingia katika lugha nyengine, na lugha hiyo husikika kwa nadra katika muziki unaojivunia jina la mkoa wake.

Mwaka 2012 Kiha kilipata nafasi. Wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwamo Diamond, Mwasiti na Linex, walikusanyika kwa juhudi za Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, wakaimba Leka Dutigite. Jina hilo ni tamu kwa mpenzi wa lugha. "Leka" ni "acha" ya kuomba nafasi, na "du" ni "tu" ya Kiswahili iliyolainishwa kwa sababu inafuatwa na "t". Kwa maneno mawili tu, Mswahili anamtambua ndugu yake. Lakini wimbo ukishafunguliwa, mzigo wa beti unabebwa na Kiswahili, na Kiha kinabaki kuwa kibao cha mlangoni. Kibao kizuri, chenye kuwapa watu fahari, lakini anayekisoma bado yuko nje.

Tafauti hii si ya hisia tu. Inagusa bahari yenyewe ya utungo. Malenga wa Kiswahili huhisabu mizani, nane kwa nane, na kila silabi ina uzito mmoja. Kiha ni cha kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda, lugha ambazo irabu ndefu na fupi, na toni ya juu na ya chini, hubadilisha maana ya neno. Alexis Kagame alionyesha kwamba mashairi ya kusifu ng'ombe ya Rwanda hupimwa kwa urefu wa irabu. Mwimbaji wa lugha ya namna hiyo hawezi kuupeleka wimbo popote apendapo, kwani neno lenyewe limekuja na lahani yake. Akihamia Kiswahili anapata uhuru na wasikilizaji wengi, na anaacha nyuma kipimo ambacho hakina pa kukaa katika mizani zetu.

Kuna na jambo zito kuliko sanaa. Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi wa Burundi kwa maelfu, hasa tangu mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993. Kwa kuwa Kiha na Kirundi vinakaribiana sana, Muha anayezungumza lugha ya mama yake huweza kudhaniwa mgeni katika nchi yake. Lugha inayomtia mtu shakani hufichwa, na inayofichwa haitungiwi. Kihaya cha Saida kiliposikika nchi nzima, hakuna aliyekiuliza kinatoka wapi. Heshima hiyo haipatikani kwa waraka wa serikali, ila kwa masikio kuzoea.

Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny waliuimba upya wimbo wa Saida kwa jina la Salome. Ni kazi ya kuchangamsha, na ilimrejesha Saida vinywani mwa vijana. Lakini humo viti vimebadilishana: Kiswahili ndicho mwenye nyumba. Atakayeisikiliza albamu ya 2001 baada ya hapo atauona uzito wake vizuri zaidi, kwani ilithibitisha kwamba msikilizaji wa pwani haogopi lugha asiyoijua ikiwa imeimbwa kwa ukamilifu wake. Mtunzi wa Kasulu au Kibondo anayeanza kazi leo hana haja ya kutafuta ruhusa kwengine. Masikio yamekwisha kufunguliwa; kilichobaki ni ubeti mzima wa Kiha, kutoka mwanzo hadi kituo.